Usingizi wa Godelive Maliro

Kwanza tuelewane: Godelive Maliro hakuwa mvivu. Waliosema hivyo kwenye depo la kahawa, waliosema hivyo kanisani, na waliosema hivyo katika nyumba ya baba yake mdogo pale Mususa, mjini Butembo, wote walimsingizia. Mvivu hapandi vilima vya Vuhovi na gunia la viazi mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso, akafika, akatua mzigo, akarudi kuchukua mwingine. Godelive alifanya hayo tangu ujana wake, na wanaume waliomwita mvivu walikuwa wamekaa.

Lakini akiketi tu, usingizi ulimwangusha. Alilala mkono ukiwa bado kwenye kikombe cha uji. Alilala kwenye mahubiri ya padri, na hapo angalau alikuwa na wenzake. Siku moja alilala akiwa amesimama kwenye foleni ya bomba, ndoo ikamponyoka, na wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Alipozinduka alicheka nao, kwa sababu angefanya nini? Kisha akaokota ndoo na kurudi mwisho wa foleni, maana nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa.

Ugonjwa ulianzia masikioni. Godelive alizaliwa upande wa Beni, kwenye mashamba ya kakao, akiwa na uso kama wa watoto wote. Kabla hajaanza shule masikio yake yalivimba, yakatoa usaha, na homa ikamchoma hadi mama yake akakata tamaa. Baadaye homa ikashuka, masikio yakakauka, watu wakamshukuru Mungu na kurudi shambani. Hakuna aliyeangalia mbele kidogo ya sikio, pale taya la chini linaposhikana na fuvu na kuzunguka kama mlango kwenye bawaba. Usaha ulikuwa umeingia humo. Viungo viliharibika, vikaota mfupa mpya, na mfupa huo ukaganda na fuvu. Mwanzoni mtoto aliweza kutia ndizi mdomoni, baadaye kijiko, na mwishowe hata kidole hakikupita. Na kwa kuwa taya hilo hukua likianzia kwenye viungo vilevile, uso wa juu uliendelea kukua, wa chini ukabaki wa mtoto. Kidevu kilirudi nyuma kikaisogelea shingo. Shuleni walimwita Kuku. Watu wazima walikuwa na adabu zaidi, walimwita hivyo akiwa ameondoka.

Wazazi wake walipofariki, alichukuliwa na mdogo wa baba yake, Apollinaire. Huyu Apollinaire si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi zaidi. Alimlisha, akamvisha, yeye na mkewe wakamlea pamoja na binti yao Nadège, na uji wa Godelive haukukosa sukari wakati wengine walikunywa mtupu. Ni mtu wa kanisa, mwenye sauti nzuri, anayejua kufungua kikao na kukifunga. Kwake kila jambo lina utaratibu wake, na utaratibu huo unatoka kinywani mwake.

Vita vilipofika kwenye mashamba ya kakao, watu walijifunza kulala nje. Jua likishuka, familia zilitoka nyumbani zikaingia porini, kila moja na mahali pake, na asubuhi zikarudi kupika. Familia ya Apollinaire ilikuwa na mahali chini ya mikakao ya zamani, upande wa huku wa kijito. Yeye ndiye aliyeweka masharti. Simu zizimwe. Mtoto akianza kulia, atiwe titi mdomoni. Mwenye kikohozi atafune tangawizi. Mbwa afungwe nyumbani, majogoo waachwe bandani. Masharti mazuri, hakuna anayeyabeza, maana watu wenye mapanga walikuwa wanapita kweli na majirani walikuwa wanazikwa kweli.

Sasa kulikuwa na Godelive. Akilala chali alivuta pumzi kwa kishindo, kama mtu anayeburuta meza kwenye sakafu. Kisha kimya. Kimya kirefu, mpaka anayesikiliza naye abane pumzi. Kisha kishindo kingine, na mwili mzima ukashtuka. Apollinaire alikusanya watu mchana akawaambia, kwa upole wake wote, kwamba sauti ya mtu mmoja inaweza kuwamaliza watu wote. Hivyo Godelive atalala ng'ambo ya pili ya kijito, peke yake. Wanawake walitazama chini. Nadège, aliyekuwa amezoea kulala naye mkeka mmoja, alitazama chini pia. Godelive mwenyewe hakuulizwa neno. Alipewa shitingi, turubai la plastiki la kutandika, na blanketi, blanketi jipya kabisa, kana kwamba tatizo lake lilikuwa baridi.

Soma tena masharti yale uone alipowekwa. Mtoto anayelia alipewa titi. Mwenye kikohozi alipewa tangawizi. Mbwa na majogoo waliachwa. Godelive alihesabiwa upande wa mbwa na majogoo.

Na usiku mmoja wenye mapanga walipita kweli, pembeni mwa shamba, wakaenda zao bila kumwona mtu. Asubuhi Apollinaire aliwaambia watu wake kwamba sasa wamejionea wenyewe utaratibu unavyookoa. Ikawa hoja imekwisha. Hakuna aliyefikiri kumuuliza Godelive alikuwaje kule ng'ambo. Alikuwa ameketi, mgongo kwenye mti, akijifinya mapaja ili asisinzie, kama alivyofanya kila alipopelekwa huko. Mtu aliyekuwa na njaa ya usingizi kuliko wote ndiye pekee aliyekaa macho.

Hatimaye shamba likawa halikaliki, wakahamia Butembo, kwenye nyumba ya kupanga Mususa. Hapa hapakuwa na kujificha. Jirani mmoja alikuwa fundi wa milango ya chuma, mwingine alikuwa na mashine ya kusaga, na baa ya njiapanda ilipiga muziki wa Kinshasa mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Mtu angeweza kukoroma Mususa mpaka achoke. Lakini utaratibu ulihama nao pamoja na sufuria. Godelive alioneshwa stoo ya makaa karibu na jiko, akatandika shitingi yake ileile. Walikuwa wanamficha nani sasa, na kwa nani? Hakuna aliyejiuliza. Mtu akishawekwa pembeni, watu huzoea kupita bila kutazama hiyo pembe.

Alipata kazi ya kuchambua kahawa kwenye depo. Wanawake huketi kwenye mbao ndefu, mbele ya kila mmoja rundo lake, vidole vikitupa punje mbovu. Ni kazi ya kukaa, na kukaa ndiko kulikomwangusha Godelive. Mwenye depo alimvumilia kidogo, akamgombeza, kisha akamfukuza mbele ya wenzake, akisema depo si hoteli. Nyumbani Apollinaire alimwita mama mmoja wa maombi, naye akasema ni pepo wa usingizi, wa upande wa mama. Wakamwombea na kumwamuru afunge kula. Godelive alifunga kwa uaminifu, na kwa njaa akalala zaidi.

Kilichomfikisha hospitali ni jino. Jino la nyuma lilioza, shavu likavimba, na Nadège, ambaye sasa alikuwa ameshaolewa na kufiwa na mume, akamshika mkono akampeleka. Muuguzi alimwambia afungue mdomo. Nadège akasema huo ndio mwisho wake. Muuguzi akaita daktari.

Daktari wa meno na mataya alikuwa Docteur Julienne, mwanamke wa Kasai aliyeletwa na serikali Butembo, na Kiswahili chake alikiokota njiani, nusu yake kwa wanajeshi. Hakuwa na subira. Aliwagombeza waliochelewa na waliowahi vilevile. Lakini alipomwona Godelive, alinyamaza, akamzunguka, akamtazama upande, akaweka vidole mbele ya masikio yake na kumwambia asogeze taya. Halikusogea. Akaagiza radio ya kichwa, picha ya mifupa iliyopigwa ubavuni, kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuuliza kwa nia ya kujua: analalaje?

Godelive alisema, kupitia meno yake yaliyofungwa, kwamba hajui, kwa sababu analala peke yake. Alisema tu kwamba akiamka kichwa kinauma na kinywa kimekauka, na amechoka kuliko alipolala.

Julienne aliibandika picha kwenye kioo cha dirisha. Juu yake akaweka karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, akafuata mistari kwa penseli: fuvu, meno ya juu, taya la chini, ulimi, na nyuma ya ulimi ukanda mwembamba mweusi, njia ya hewa. Kisha akachukua mkasi, akalikata lile taya la karatasi pamoja na ulimi wake, akalishika kati ya vidole viwili. Akawaeleza kwamba ulimi haukai mdomoni hivihivi. Umefungwa kwa msuli nyuma ya kidevu. Kidevu kikiwa mbele, ulimi unakaa mbele. Kidevu kikirudi nyuma, ulimi unarudi nacho, na huko nyuma hakuna nafasi nyingine isipokuwa koo. Mchana misuli inaushikilia. Mtu akilala misuli inalegea, ulimi unaanguka, na njia inafungwa. Mwili ukikosa hewa unashtuka na kumwamsha mwenyewe kidogo tu, kiasi cha kuvuta pumzi moja bila kujua kwamba ameamka. Kisha ulimi unaanguka tena, na hivyo mpaka asubuhi.

"Tala, angalia," alisema, akilirudisha taya la karatasi mahali pake, na ule ukanda mweusi ukafunikwa karibu wote. "Wewe hauko muvivu, mama. Wewe haujalalaka."

Godelive hakulia. Nadège ndiye aliyelia. Godelive alikasirika, hasira iliyomshangaza mwenyewe, maana hakuwahi kujua kwamba ana haki nayo. Aliwaona mmoja mmoja, mwenye depo, mama wa maombi, wanawake wa bombani. Alitaka kuwachukua wote awasimamishe mbele ya dirisha lile.

Mpango wa kumpasua haukuwa rahisi, na Julienne hakuuficha. Mpasuaji mgeni, bingwa wa mataya, alikuwa anatarajiwa hospitalini hapo kwa muda mfupi pamoja na vyuma vyake. Kwa simu alikuwa amesema, kabla hajaona picha, kwamba anaweza kuvikata viungo vilivyoganda na mdomo ukafunguka mara moja. Julienne alisema hapana, kazi ianzie kwingine. Akalisogeza tena taya la karatasi. Viungo vikifunguliwa kwanza, taya fupi litakosa pa kushika na litarudi nyuma zaidi. Mdomo utafunguka, koo litafungika. Kwanza mfupa ukatwe kila upande, uwekewe chuma chenye skurubu, na skurubu izungushwe kidogo kidogo kila siku, sehemu ya mbele isogee na mfupa mpya ujijenge kwenye pengo. Na hapo, alisema, viungo vilivyoganda vinasaidia, kwa sababu mfupa wa nyuma umesimama kama nguzo na wa mbele hauna pa kwenda ila mbele. Mifupa ikishakomaa ndipo virudiwe viungo, na mdomo ufunguliwe. Yaani kupasuliwa mara mbili, usingizi kwanza, mdomo baadaye. Kisha akaagiza kwamba safari ijayo aje na mtu anayelala karibu naye, maana mashine ya kupima usingizi hakuna, na anahitaji macho na masikio ya mtu.

Nyumbani Apollinaire alisikia maneno mawili tu katika hayo yote: mdomo kufunguka. Jumapili baada ya misa aliita kikao. Wakaja wajomba, wakaja watu wa kanisa, Godelive akapika chai akaipitisha. Apollinaire alisimama akasema kwamba Mungu amewafungulia mlango. Binti yao sasa atakula mezani kama watu, atazungumza vizuri, pengine hata ataposwa. Kama mgeni anaweza kufungua mdomo mara moja, huyu mama wa Kasai anarefusha mambo kwa faida gani? Kukoroma si ugonjwa, kila mtu anakoroma. Wajomba wakaitikia. Wakakubaliana kwamba mdomo ufunguliwe, na swali pekee lililobaki lilikuwa kama kuna chai nyingine.

Unaona walichokitaka. Walikitaka kinachoonekana. Uso ule ulikuwa unawaaibisha kwenye harusi, na koo halionwi na mtu.

Godelive alikuwa mlangoni na birika mkononi. "Mimi niliendaka kuomba usingizi," alisema. "Hii mudomo, ni nani aliiomba?"

Apollinaire alimtazama kwa huruma, ile huruma yake, akasema mtoto amechoka, aende apumzike. Alikuwa mwanamke wa zaidi ya miaka thelathini. Akaweka birika chini, akaenda kupumzika kwenye makaa.

Mpasuaji mgeni alipofika, Apollinaire alikwenda hospitali mwenyewe kuufikisha uamuzi wa familia. Alivaa koti. Godelive na Nadège walikuja nyuma yake. Mgeni alikuwa ameshaiona picha na lile taya la karatasi, na alisema wazi, Julienne akitafsiri, kwamba mwenzake yuko sahihi na yeye mwenyewe angekosea. Atafuata mpango huo. Lakini kabla ya kumgusa mtu ambaye mdomo wake haupitishi mrija wa hewa, alitaka kujua koo linafunga kiasi gani: pumzi inakatika kwa muda gani, akilala chali ni vipi, akilala ubavu ni vipi. Julienne akamgeukia Apollinaire akauliza nani kwao analala karibu na Godelive.

Apollinaire alisema hakuna. Akaeleza sababu, kwa utulivu, kama mtu anayeeleza jinsi ya kuezeka nyumba. Akaeleza kuhusu pori, kijito, masharti, na jinsi sauti ya mtu mmoja ingeweza kuwamaliza wote. Akaeleza siku walipopitiwa na wenye mapanga wakasalimika. Alieleza vizuri, na mtu asiyejua angemwonea fahari. Julienne alikuwa anaandika, akaacha kuandika.

"Na pale kwenu, papa, hakuna mwengine mwenye anakoromaka?"

Apollinaire alisema hakuna.

Nadège alikuwa ameketi kwenye benchi, mikono magotini. Hakuwa mtu wa kumkata baba yake kauli, hajawahi. "Baba," alisema, "wewe unakoromaka."

Julienne akauliza, bila kupandisha sauti, kule porini mzee alikuwa analala wapi.

"Katikati yetu," Nadège akasema. "Mama alikuwa anamugeuza ubavu. Akigeuka chali, mama anamugeuza tena. Mama akichoka, mimi."

Apollinaire alisema kwake ilikuwa kidogo tu. Nadège akasema haikuwa kidogo. Alisema kuna siku walimfunika kichwa kwa kitenge ili sauti isitoke. Alipoanza hakuacha, akasema mama yake alizoea mpaka akawa anamgeuza huku yeye mwenyewe amelala.

Godelive hakuwahi kujua hayo. Angeyajuaje? Alikuwa ng'ambo. Alikuwa ameamini, katika miaka yote ile ya kujifinya mapaja, kwamba yeye peke yake ndiye aliyeumbwa na sauti, na kwamba dawa ya sauti hiyo haipo, na kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Alikuwa hata amemsamehe Apollinaire kwa sababu hiyo. Sasa aliona kwamba dawa ilikuwepo, ilikuwa hatua chache upande wa pili wa maji, na ilikuwa mkono wa mtu.

"Kumbe munajuaka kugeuza mutu," alisema.

Apollinaire alifungua kinywa, yeye ambaye chake kilifunguka bila shida, akalivuta koti lake vizuri. Akasema kwamba hawakujua kama kwa Godelive ingesaidia.

"Hatukujaribu," Nadège akasema.

Julienne alimwomba Apollinaire atoke nje. Hakumwomba vizuri. Kisha akamuuliza Godelive mwenyewe anataka nini kifanywe kwanza, na Godelive akasema koo. Alilazwa siku hiyohiyo, akabanwa kidoleni kifaa kidogo kinachopima hewa kwenye damu, na Nadège akatandika mkeka kando ya kitanda ili atazame na kusikiliza. Alipokuwa chali pumzi ilikatika vibaya, na kifaa kilipiga kelele. Nadège alipomgeuza ubavu haikupona, ilikatika bado, na upasuaji ulibaki wa lazima, lakini kile kishindo cha meza kilipungua kikawa mvumo tu. Nadège alimweleza daktari asubuhi, macho mekundu, kwamba mvumo ule hata maji ya kijito yangeufunika.

Upasuaji wenyewe Godelive aliuogopa, na alikuwa na sababu. Kwa kuwa mdomo ulikuwa hauingiziki kitu, ilibidi kwanza watoboe tundu la kupitishia hewa mbele ya shingo, akiwa macho, ngozi imekufa ganzi kwa sindano. Alimshika Nadège mkono mpaka akamwachia alama. Baada ya hapo hakumbuki. Alipozinduka alikuwa na chuma kila upande wa taya, na vijiti viwili vya skurubu vimechungulia nje ya ngozi. Muuguzi alimfundisha Nadège kuvizungusha kwa ufunguo mdogo, asubuhi na jioni, kiasi cha unene wa ukucha kwa siku. Iliuma. Kila ufunguo ulipozunguka, Godelive alifumba macho akatoa sauti puani, na Nadège akamwomba radhi, na haikueleweka vizuri alikuwa anaomba radhi ya nini.

Kidevu kilisogea. Kwanza meno ya chini yaliyafikia ya juu, kisha yakayapita kidogo, kama Julienne alivyotaka. Shingo ikapata umbo. Siku tundu la shingo lilipozibwa, Godelive alilala adhuhuri, chali, na wodi nzima ikaendelea na mazungumzo bila kugeuka. Nadège alisogea karibu kuhakikisha kama anapumua. Alikuwa anapumua kama mtu yeyote. Alipoamka hakuelewa kilichomtokea, akauliza kwa nini kichwa hakiumi.

Mdomo bado umefungwa mpaka leo. Bado anakunywa uji na mchuzi wa maharagwe uliochujwa, na anasubiri mpasuaji arudi kwa ajili ya viungo. Wajomba wanasema ndio hayo waliyoyasema, kwamba amepasuliwa na hata kufungua mdomo hawezi. Waseme. Anachambua kahawa kwenye depo jingine, karibu na chumba alichopanga na Nadège huko Vulamba, na msimamizi wa huko anamlalamikia kwa kuimba.

Apollinaire hajafika Vulamba. Lakini wiki iliyopita alimtuma Nadège, aliyekuwa amekwenda kumsalimu mama yake, na ujumbe mzuri, wenye utaratibu. Alisema amesikia kwamba Godelive hakoromi tena, na amemshukuru Mungu sana. Kwa hiyo kitanda kimeshatandikwa katika chumba kikubwa, pamoja na wengine, godoro jipya, na anaweza kurudi nyumbani siku yoyote apendayo.

Godelive alikuwa anachagua maharagwe kwenye ungo. Aliusikiliza ujumbe mpaka mwisho, kwa heshima, kama alivyolelewa. Kisha akamjibu Nadège kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Umuambie baba hivi: kama angeniitaka wakati nilikuwa nakoroma, ningekuya mbio."